Fundi Niliyemtaja kwa Mzaha

Wiki iliyopita mliniacha wodini, bwana wa kampuni ya magari amesimama miguuni pa kitanda cha shemeji yangu, faili mkononi, ananiuliza mbele ya dada yangu: "Mzee, hukuwahi kupigiwa simu na ofisi yetu?"

Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikamjibu: "Simu gani?"

Mhariri ananiambia wengi mmetuma ujumbe: huyu kinyozi anaficha jambo. Mna pua nyie! Kweli nilikuwa naficha.

Nilipigiwa. Tena si mara moja. Mara tano.

Kwa aliyeingia leo, nieleze kidogo. Gari lilikuwa langu, nikamuuzia mume wa dada yangu. Huyu shemeji ni fundi saa. Miezi miwili iliyopita aligonga nguzo ya geti lake mwenyewe, kwa mwendo wa mtu anayekokota baiskeli, na mfuko wa hewa ulio ndani ya usukani ukapasuka na kurusha kipande cha chuma. Jicho la kulia likaenda. Ndilo alilokuwa akivalia lenzi ya kutazamia saa.

Kadi ya gari hatukuibadilisha jina. Nani anahangaika na mambo hayo kati ya shemeji na shemeji? "Karatasi za nini?" aliniambia siku namkabidhi funguo. "Kwani nakimbia na dada yako?" Tukacheka, tukapeana mikono, yakaisha. Basi kwenye vitabu vya kampuni mwenye gari nikabaki mimi, na simu ikabaki yangu.

Haya, sasa hizo simu.

Siku zile matapeli wa simu walikuwa wamezidi. Asubuhi umeshinda jokofu, mchana mjomba wako usiyemjua amefariki amekuachia shamba. Mimi nikajipatia jina mtaani. Tapeli akinipigia naweka spika, nazima mashine, namchezea mpaka anakata mwenyewe. Watu walikuja kunyolewa hata nywele hazijaota, mradi wasikilize.

Binti wa kwanza kunipigia alikuwa na sauti ya adabu.

"Mzee, gari lako limo kwenye orodha ya magari tunayoyaita yarudi. Lina kasoro kwenye mfuko wa hewa."

"Mfuko wa hewa?" Nikawakonyeza wateja. "Binti, mfuko wangu mimi siku zote una hewa tupu. Nani amekwambia?"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mmoja alicheka hadi taulo likamwanguka.

Mara ya pili akaniambia matengenezo ni bure, nusu siku tu, nanywa chai yao nikisubiri. Nikamwambia hapa mjini cha bure ni salamu, na hiyo nayo unachagua wa kumpa.

Mara ya tatu nilimwimbia. Ndiyo, nilimwimbia, na wateja wakaitikia.

Mara ya nne nilimwambia nimeshakufa. Akasema, "Poleni sana. Mrithi wa gari ni nani?" Jamani! Siku hiyo sikufanya kazi tena, nilikuwa nimekaa chini nashika mbavu.

Mara ya tano sauti yake ilikuwa imechoka.

"Mzee, kwenye orodha yangu umebaki wewe peke yako. Nakuomba. Kile kifaa kikipasuka kinaua mtu."

Sijui ni nini kilinipata. Labda huruma, maana nilitaka apumzike. Nikasema, "Binti, usihangaike. Limeshatengenezwa."

"Lini?"

"Mwezi huu huu."

"Na nani? Niandike."

Nikatazama nje. Upande wa pili wa barabara ipo gereji ya jirani yangu tunayemwita Taratibu. Alikuwa amelala chini ya gari la mtu, miguu nje.

"Na Fundi Taratibu. Muulize yeyote, atakuonyesha."

"Amebadilisha kifaa chote?"

"Amebadilisha kila kitu mpaka hewa."

Kicheko. Binti hakucheka. "Simu hii inarekodiwa, mzee. Nifunge faili lako kwa maelezo haya?"

"Lifunge, mwanangu. Lifunge na kufuli."

Akalifunga. Hakunipigia tena, na mimi nikasema kumbe matapeli nao huwa wanakata tamaa.

Mnaniuliza kwa nini wodini nilikana. Dada yangu huyu nimemlea mimi tangu ana miaka saba, wazazi walipotutoka. Nimemsuka nywele kwa mikono hii hii kabla sijajua kunyoa. Ningemtazama usoni nimwambie jicho la mumeo limeondoka kwa sababu nilitaka kuchekesha watu? Ulimi ulikataa. Nikajua kukana neno moja hakudhuru mtu, shemeji jicho lake halirudi hata nikilia damu.

Nilijidanganya. Jumanne asubuhi askari wawili walisimama mbele ya gereji ya Taratibu.

Nilikuwa nimempaka mteja sabuni kidevuni. Nikatoka na wembe mkononi.

"Wewe ndiye Taratibu?"

"Ndimi."

"Unalijua gari hili?" Wakamwonyesha picha.

Taratibu akaitazama picha kwa muda wake, kama kawaida yake. "Nalijua. La fundi saa. Zamani lilikuwa la kinyozi pale. Nililifunga breki mpya."

"Lini?"

Akataja mwezi. Ulikuwa mwezi ule ule nilioutaja mimi kwenye simu. Ewe Mungu wangu, miezi yote ile kumi na miwili, na mimi nikauangukia huo huo!

"Basi twende. Unatuhumiwa kufunga kifaa cha bandia kwenye usukani, kimemtoa mtu jicho."

Mwingine angepiga kelele. Taratibu aliomba anawe mikono kwanza. Akanawa kwa sabuni, kidole kwa kidole, askari wanamsubiri. Halafu akavusha macho ng'ambo ya barabara kunitafuta.

"Kinyozi, niangalizie geti. Narudi sasa hivi."

Nikasema, "Haya."

Hilo tu. Haya. Nimelirudia neno hilo siku tatu hizi mpaka limekuwa chungu mdomoni.

Kesho yake mkewe akaja kibandani. Hakukaa, alisimama mlangoni.

"Kaka kinyozi, wanasema mwenye gari mwenyewe ndiye aliyesema kazi ilifanywa na mume wangu. Mwenye gari ni fundi saa, na fundi saa hawezi kumsingizia mtu. Hapo kuna makosa ya watu wa ofisini. Wewe gari lile unalijua kuliko wote. Utakuja kumsemea?"

Mteja kwenye kiti akanitazama kwenye kioo. Mashine ilikuwa ikinguruma mkononi, nikasahau kuizima.

"Nitakuja," nikasema.

"Lini?"

"Leo."

"Mungu akuweke, kaka."

Nilimnyoa yule mteja vibaya, nikamwambia asilipe, nikafunga kibanda. Nilijisemea: liwalo na liwe. Bora dada anitukane kuliko baba wa watu kuozea ndani.

Kituoni mpelelezi alikuwa mwanamke mnene, mpole, ana mafua. Alinisikiliza mpaka mwisho, leso puani. Nikamweleza yote: matapeli, spika, mrithi wa gari, mpaka hewa. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi, nikajua imekwisha, Taratibu anarudi nyumbani.

Mpelelezi akakunja leso.

"Mzee, mke wa mshitakiwa alikuja kwako jana?"

"Leo asubuhi."

"Akakuomba umtetee mumewe."

"Ndiyo, lakini..."

"Juzi wodini, mbele ya mashahidi, ulisema hukupigiwa simu yoyote. Leo umepigiwa tano. Kwenye rekodi, kwa sauti yako, unasema fundi alibadilisha kifaa. Leo hakubadilisha. Nikuamini mzee yupi?"

"Huyu wa leo!"

"Huyu wa leo ametumwa na jirani yake." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. "Halafu kuna jambo hulijui. Fundi wako amekiri."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Amekiri nini?"

"Kwamba alifunga kifaa kile. Ameweka sahihi."

"Hawezi! Kifaa chenyewe hakijui kilivyo!"

Mpelelezi akaagiza aletwe. Nadhani alitaka kunionyesha ili nimwache na mafua yake. Taratibu akaletwa bila viatu, akatabasamu aliponiona.

"Kinyozi! Geti umelifunga?"

"Nimelifunga. Taratibu, kwa nini umekubali kitu ambacho hukufanya?"

Akajikuna kichwa, akafikiri. "Mwanzoni nilikataa. Nikawaambia mimi nilifunga breki tu. Wakaniambia, sikiliza. Wakanisikilizisha sauti yako."

"Enhe?"

"Basi nikajiuliza: kinyozi ananijua miaka kumi na sita. Atasema uongo apate nini? Na mimi siku hizi nasahau, unajua mwenyewe. Mwezi jana nimesahau jeki chini ya gari la watu. Nikasema, kama kinyozi kasema nilifanya, basi nitakuwa nilifanya."

Nikashika meza.

"Nilidanganya! Nilikuwa natania, Taratibu. Natania na watu kibandani! Hukugusa usukani ule!"

Akanitazama kwa huruma. Yeye, mwenye pingu, ananihurumia mimi.

"Unataka kunitoa," akasema. "Wewe una moyo. Lakini usijitie matatani kwa ajili yangu, una kibanda cha kuangalia. Yule fundi saa, jicho lake linanisumbua sana. Usiku naliona. Mwambie anisamehe."

"Taratibu, nisikilize, baba..."

"Mwambie tu."

Wakamrudisha. Mpelelezi akapiga chafya, akajifuta.

"Umesikia mwenyewe. Kesho saa tatu asubuhi anapelekwa mahakamani. Akikiri pale kama alivyokiri hapa, imetoka hiyo."

"Nifanye nini ili uniamini?"

"Ulisema kibanda kilijaa watu. Niletee mmoja aliyekuwepo siku ya simu ya tano. Mmoja tu, aje aseme ulikuwa unatania. Asiwe mtu wa gereji."

Nikatoka mbio, si utani. Mwalimu mstaafu aliyekuwa mteja wangu wa kila wiki amehamia kwa mwanawe, mbali, simu haipatikani. Muuza mayai nikamkuta kwenye trei zake. "Kinyozi, mimi kwako nimecheka mara mia. Siku gani ilikuwa siku gani, nitajuaje?" Wa tatu alinifungia mlango, hataki mambo ya polisi.

Akabaki mmoja. Na hapa ndipo ninapoona haya kuandika.

Siku ya simu ya tano, kwenye kiti changu kikubwa, na povu kidevuni, alikuwa amekaa shemeji yangu mwenyewe. Gari lenyewe alikuwa ameliegesha nje. Niliposema limeshatengenezwa nilimkonyeza kwenye kioo. Naye ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka nikamwambia tulia, shemeji, nitakukata.

Yeye alijua. Aliliendesha gari lile miezi saba baada ya siku hiyo, kila asubuhi na mtoto wake kiti cha mbele, kumpeleka shule. Hatukulitaja tena kati yetu. Lilikuwa kichekesho, na vichekesho vilikuwa vingi.

Nikafika hospitali saa kumi, muda wa kuona wagonjwa. Dada alikuwa amekaa kitandani anamlisha mumewe uji kwa kijiko. Bandeji upande wa kulia. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba, jekundu, linatoa maji.

"Kaka, karibu," dada akasema. "Daktari amepita. Anasema jicho hili nalo limeanza kumfuata mwenzake."

"Linamfuataje?"

"Linaugua ugonjwa wa lile lililotoka. Likiachwa, anakuwa kipofu. Lakini bwana wa kampuni ametusaidia. Wiki ijayo wanampeleka wenyewe kwa bingwa wa macho, nje ya nchi. Amesema ni kwa sababu mwenzangu hana kosa, hakuwa na habari yoyote ya gari."

Ile sentensi ya mwisho niliisikia vizuri. Lakini nilikuwa nimeshamuona Taratibu bila viatu.

"Shemeji," nikasema, "kesho asubuhi nahitaji neno lako. Siku ile ya ile simu. Ulikuwa kwenye kiti."

Kijiko kikasimama hewani.

"Simu gani?" akauliza.

Akatumia maneno yangu yale yale. Sijui kama alikusudia.

"Simu ya binti wa kampuni. Nilipomtaja Taratibu. Ulicheka, shemeji, nusura nikukate. Taratibu yuko ndani, amekiri kosa langu. Kesho anapelekwa mahakamani. Mpelelezi atakuja hapa hapa kitandani, useme tu kwamba nilikuwa natania, amalize."

Jicho lile jekundu likanitazama. Chozi likatoka, lakini linatoka siku nzima, huwezi kujua la nini.

"Umenifananisha," akasema. "Siku hiyo mimi sikuwepo."

"Shemeji!"

"Sikuwepo, bwana. Mke wangu, nipe uji."

Dada akampa uji. Akamfuta mdomo, akaweka bakuli chini, akaniambia, "Kaka, twende nikusindikize."

Tulitembea korido nzima. Wauguzi wanapita na toroli la dawa. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia kwamba mumewe anadanganya, kwamba mimi ndiye niliyeanza, kwamba wote wawili tumemkosea. Tulipofika kwenye ngazi akasimama.

"Alikuwepo," akasema.

Nikageuka.

"Alirudi nyumbani bado ana povu nyuma ya sikio. Akanisimulia mezani, neno kwa neno. Kinyozi kamwambia hivi, binti kajibu hivi. Nilicheka, kaka. Nilicheka mpaka mtoto akauliza mama una nini. Asubuhi nikampakia mtoto huyo kwenye gari hilo hilo."

"Basi wewe unajua Taratibu hana..."

"Najua."

"Na umekaa kimya?"

"Kama wewe."

Nikasema, "Mtu wa watu atafungwa, mdogo wangu."

"Na wangu atakuwa kipofu. Wakijua alijua habari za gari, unadhani ndege itaondoka? Atakaa pale kitandani mpaka giza liingie, halafu nitamshika mkono nimrudishe nyumbani, fundi saa asiyeona saa." Sauti yake ikakatika, akaikusanya. "Nisikilize, kaka. Umenilea, sijawahi kukukatalia jambo. Hili nakukatalia. Ukimleta mpelelezi wako, nitashika kitabu na kuapa kwamba siku ile mume wangu alikuwa nyumbani, ana homa, nimemkanda mimi. Na mimi wataniamini. Mimi sijawahi kusema uongo, wote wanajua hilo."

"Wewe huwezi kuapa uongo."

"Nijaribu."

Nilimtazama kumtafuta yule mtoto wa miaka saba. Hakuwepo. Akaninyoosha kola ya shati kama anavyofanya siku zote tukiagana, akarudi wodini kumalizia uji.

Nikashuka ngazi. Sikumbuki nilishukaje. Getini, kwenye kivuli cha ukuta, mke wa Taratibu alikuwa ananisubiri, mtu wa kituoni kamwambia natafuta shahidi, muuza mayai kamwonyesha njia niliyoshika. Aliponiona akainuka upesi, uso umemchanua, mkononi mfuko wenye nguo zilizopigwa pasi.

"Kaka, amekubali? Nimekuja na mashati mawili, nimeshindwa kuchagua. Nimpelekee la kusimama nalo mahakamani, au la kurudia nyumbani?"